Sindano Nambari Nne za Mama Gramu

Kwa miaka thelathini na moja wafanyabiashara wa mji wetu walimwita Mama Gramu, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa mkaguzi wa vipimo. Akiingia sokoni na begi lake la mawe ya mizani, ungeona wauza sukari wanapangusa sahani ambazo hazijaguswa na kitambaa tangu mwaka jana, na muuza mafuta ya taa anakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa nyumbani. Hakunywa soda ya mtu. Hakukalia kiti cha mtu. Aliweka mawe yake, akasoma, akaandika, akaondoka, na wewe ukabaki unajiuliza ameandika nini.

Alipostaafu alihamia kwa mwanawe, mlango wa pili kutoka kwangu. Mwanawe ni fundi bomba, mtu wa maneno machache. Mkewe anafanya kazi kwenye ghala la chanjo, mahali ambapo mtu anaingia kwenye vyumba vya baridi akiwa amevaa koti na anatoka meno yakigongana. Mimi ni msusi. Nasukia sebuleni kwangu, mlango wazi, kwa hiyo mengi ya nyumba ile niliyaona, na niliyokosa kuyaona nilisimuliwa na mama mwenyewe au na mkwewe, kila mmoja kwa upande wake.

Kustaafu hakukumbadilisha. Alikuwa na kalipa yake mwenyewe, kile chuma chenye taya mbili cha kubana kitu na kusoma unene wake, na aliibeba kwenye mkoba pamoja na miwani. Aliupima mkate. Aliipima sabuni kabla haijalowa. Siku moja alikaa kwangu akimtazama mteja wangu, akachukua pakiti ya rasta iliyoandikwa inchi ishirini na nne, akaivuta juu ya futi yangu na kusema, "Ishirini na mbili na nusu." Nilikuwa nimenunua kwa yule muuzaji miaka sita. Tangu siku hiyo nanunua kwingine. Kwa hiyo nikisema alikuwa mtu wa kushuku hata kivuli chake, sisemi kwamba alikuwa anakosea. Kasheshe ni kwamba mara nyingi alikuwa sahihi.

Kisha akateleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Plasta ilikaa wiki sita. Ilipotolewa, vidole vilikuwa vigumu kama si vyake, haviwezi kufunga kifungo. Daktari wa viungo akamwambia afume, kufuma kutamrudishia mkono. Mama akamuuliza kama ana ndugu anayeuza nyuzi. Daktari alicheka. Yeye hakucheka, alikuwa anataka jibu.

Mkwe wake alijifunza kufuma shuleni, akajitolea kumfundisha. Akanunua uzi wa sufu wa rangi ya majivu, akamletea karatasi ya vipimo vya sweta ya kike, na wakakubaliana kwamba sweta itakuwa ya huyo huyo mkwe, ya kuvaa chini ya koti kule ghalani. Zikabaki sindano. Karatasi ilisema nambari nne, maana yake unene wa milimita nne.

"Nenda kwa Babu Vifungo, mama," mkwe alimwambia. "Ana kila aina."

"Yule?" mama akasema.

Babu Vifungo ana duka jembamba nyuma ya posta ya zamani, ukuta mzima ni visanduku vya vifungo, kila kisanduku kimeshonewa kifungo kimoja kwa nje ili ujue kilichomo. Miaka mingi nyuma, kabla hajawa babu, alikuwa anauza na vitambaa kwa mita, na Mama Gramu aliikuta fimbo yake ya kupimia ni fupi kwa vidole viwili. Alimtoza faini na kuivunja fimbo mbele ya wateja. Baada ya hapo aliacha vitambaa, akabaki na vifungo, nyuzi na sindano, vitu vinavyohesabika.

"Ningekusindikiza," mkwe alisema, "lakini mimi nina zamu."

Mama akaenda peke yake, mkono umefungwa bendeji. Alinisimulia baadaye, na alisimulia kama anatoa ushahidi. Alisema aliomba sindano za kufumia nambari nne, chapa ya Kengele. Pakiti za Kengele zilikuwa zinaning'inia ukutani, karibu na kichwa cha mzee, angeweza kunyoosha mkono tu. Hakunyoosha mkono. Alimtazama usoni, akautazama mkono wenye bendeji, akasema, "Subiri kidogo, mama mkaguzi," akaingia chumba cha nyuma. Alikaa huko muda wa kutosha mtu kunywa maji. Akatoka na pakiti.

"Kwa nini aliingia nyuma?" mama aliniuliza.

"Labda za ukutani zina vumbi."

"Hata hiyo ilikuwa na vumbi."

Hata hivyo alianza kufuma. Mkwe alimwonyesha namna ya kuanzisha vitanzi, namna ya kuingiza sindano, kuzungusha uzi na kuvuta. Jioni mbili tatu alikuja kwangu na kazi yake mapajani, anahesabu kwa sauti ndogo, midomo inacheza. Alifuma kwanza kipande cha majaribio, kama karatasi ilivyotaka: vitanzi ishirini na viwili vitoe upana wa sentimita kumi. Akaweka rula. Zilikuwa sentimita kumi, bila kuzidi wala kupungua.

Mtu mwingine angefurahi. Yeye alikitazama kile kipande muda mrefu, kisha akatoa kalipa mkobani na kuibana sindano. Aliibana karibu na ncha, katikati, karibu na kichwa. Akachukua ya pili akafanya vile vile. Akavua miwani akaifuta, akarudia.

"Nne na nusu," akasema.

"Nini nne na nusu?"

"Unene. Pakiti imeandikwa nne. Hii ni nne na nusu. Zote mbili, kila mahali."

Nilimwambia labda kiwanda kimekosea. Akatikisa kichwa. Alisema kosa la kiwanda halina adabu, linakwenda huku na huku, sindano moja nene na mwenzake nyembamba. Hili lilikuwa kosa lililonyooka. Kisha akainua pakiti ya karatasi kwenye mwanga wa dirisha langu na kunionyesha mahali ilipopigwa pini. Pini zilikuwa mbili, za matundu manne. Matundu yalikuwa manane.

"Imefunguliwa," akasema. "Imefunguliwa na kufungwa tena."

Nilimwona anapata nguvu. Sikuwahi kumwona hivyo tangu aanguke. Hata ule mkono mgonjwa aliusahau, akaifunga ile pakiti kwenye mfuko wa nailoni kama kielelezo cha mahakama.

Nyumbani mkwewe alimwambia, "Lakini mama, kipande si kimetoka sawa?"

"Ndicho kinachonitia shaka," mama akajibu.

Siku iliyofuata alinituma dukani. Alinipa maagizo kama mtu anayetuma askari kanzu: nisimtaje, niombe Kengele nambari nne, niangalie anatoa wapi. Babu Vifungo alinyoosha mkono ukutani akanipa. Mama alizipima juu ya meza yangu, katikati ya vitana na mafuta ya nywele: nne kamili. Akamtuma mwanawe. Yule kijana alirudi na pakiti nyingine, akaiweka mezani, akasema, "Mama, hizi ni sindano tu," akaenda kuoga. Nazo zilikuwa nne kamili.

"Umeona?" akaniambia. "Kwako sawa. Kwake sawa. Kwangu mimi peke yangu siyo."

Ilikuwa kweli.

Lakini Mama Gramu hakuwa mtu wa kwenda kwa mshtakiwa na ushahidi nusu. Alitaka kujua kama ni duka zima au pakiti moja, kama ni chapa moja au zote. Kwa hiyo wiki ile nilitumwa tena, na dada mmoja ninayemsuka kila mwezi alitumwa, hata mteja ambaye hakumjua mama alijikuta amenunua sindano za mtu. Meza yangu ikajaa. Wateja walikuwa wanakaa kwenye kiti wanageuza shingo kuangalia, nami nawageuza tena kichwa mbele.

Alizipanga kwa mstari na kila moja aliiandikia karatasi. Kengele, za alumini, rangi ya fedha iliyopauka: kipimo cha kweli, nyepesi, ila zinaacha weusi kwenye vidole, na ukifumia uzi mweupe utajuta. Mwezi, za plastiki nyekundu: nne na kidogo, zina mshono mwembamba unaopita urefu wote kama mshono wa soksi, na mshono huo unashika nyuzi. Ukizishika muda mrefu zinapata joto na kupinda. "Sindano inayopinda inakuficha kitu," alisema, na sikujua inaficha nini. Funguo, za chuma cha pua: nne kamili hata kwenye ncha, hakuna wa kuzigusa kwa kipimo, lakini nzito na za baridi, na laini mno kiasi kwamba vitanzi viliteleza vikadondoka kabla hajageuza mkono. Ncha yake ilimtoboa kidole cha shahada. Alikinyonya kidole akaandika na hilo.

Za mianzi hazikuwa na chapa kabisa. Hapo alisogea karibu na dirisha. Kitu kisicho na jina la aliyekitengeneza kilimnyima raha. Akakuta tatu nukta tisa kwenye ncha, nne nukta mbili katikati, na sindano moja ni ndefu kuliko mwenzake. Zilikuwa mbaya kwa kila kipimo alichokijua. Akafumia kipande, na vitanzi vikatulia juu ya mianzi kama kuku aliyeatamia, havitelezi, havikwami, na kifundo cha mkono hakikumuuma. Hilo lilimuudhi sana. Akafunga kipande akakiweka mbali na vingine.

Zilikuwepo pia zile za duara, sindano fupi mbili zilizounganishwa kwa kamba ya plastiki. Hakuziamini tangu mwanzo. Alipitisha ukucha mahali kamba inapoingia kwenye chuma, akasikia kingo, akasema uzi utakwama hapo, na ukakwama hapo. Lakini alikubali kwamba uzito wa kazi unakaa mapajani badala ya kuning'inia mkononi. Alikubali kwa sauti ya mtu anayeulizwa na polisi.

Kwa kila aina alifuma kipande kile kile, vitanzi ishirini na viwili, safu thelathini. Alipovipanga vyote mezani na kuweka rula, jambo likawa wazi kwangu kabla halijawa wazi kwake. Vipande vyote vya sindano za nne vilikuwa vyembamba: sentimita tisa, tisa na kidogo, cha mianzi tisa na robo. Vilikuwa vigumu pia, ungeweza kusugulia sufuria. Kipande cha zile sindano za udanganyifu peke yake ndicho kilichotoa kumi, kikawa laini.

Mimi nasuka nywele mwaka wa kumi na tisa. Najua mkono unaovuta. Nimewahi kuwa nao. Wateja walikuwa wanatoka kwangu macho yamevutwa pembeni. Nikamwambia taratibu, "Mama, nadhani ni mkono wako. Unabana."

Akaniangalia kwa namna ambayo nadhani wauza sukari waliijua.

"Nani kakwambia hivyo?"

"Hakuna. Naona tu."

"Mkwe wangu alisema maneno hayo hayo juzi. Mkono wako unabana, mama. Hayo hayo." Akaanza kukusanya sindano zake. "Watu wawili wakisema neno moja, ama ni kweli ama wamepanga."

Niliumia kidogo, sitaficha. Nilikuwa nimetumwa dukani mara nne kwa ajili yake. Lakini kesho yake alikuja mapema, amevaa zile nguo zake za kazini, sketi ya bluu na koti, akasema anahitaji shahidi. Nilimwambia mteja wa saa nne asubiri.

Babu Vifungo alikuwa anapanga zipu kwa rangi. Alipomwona mama, na akaona kalipa tayari iko mkononi, aliweka zipu chini akakaa.

"Karibu, mama mkaguzi."

"Mimi si mkaguzi tena. Ni mteja." Akamwekea pakiti kwenye meza ya kioo. "Hii uliniuzia wewe."

"Mimi."

"Imeandikwa nne. Ndani ni nne na nusu. Ulifungua pakiti, ukatoa sindano, ukatia nyingine, ukapiga pini upya. Matundu manane. Kwa wengine wote unauza nne ya kweli, nimepima. Kwangu tu ndiko ulikofanya hivi. Nataka kujua ni kwa ajili ya ile fimbo?"

Niliangalia visanduku vya vifungo ili nisimwangalie mtu. Babu Vifungo hakupepesa macho. Alisema, "Ile fimbo ilikuwa fupi, na nilijua ni fupi. Niliikata mwenyewe. Ulinikamata kihalali, mama, na nililala na aibu miaka. Hii siyo ile."

"Basi ni nini?"

"Nilibadilisha kwa makusudi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mama naye nadhani alidhani hivyo, maana alikuwa amejiandaa kwa kukana.

Mzee akaeleza bila haraka. Alisema mtu anayeanza kufuma huvuta uzi kama ananing'inia juu ya kisima, na mtu aliyevunjika mkono huvuta zaidi, kwa sababu haviamini vidole vyake. Mtu wa hivyo akitumia sindano ambayo karatasi inataka, kazi inatoka nyembamba na ngumu, mkono unavimba, na baada ya wiki anaacha. Ukimwongezea nusu milimita, kipimo kinatoka sawa na mkono unapumua. Aliona bendeji. Akamwongezea.

"Ungeniambia," mama alisema.

"Ungenunua?"

Mama alifikiri. Ndicho ninachompendea, hajibu haraka ili ashinde. "Nisingenunua," akasema. "Ningedhani unanitolea mzigo usiouzika."

"Ndiyo."

"Lakini nitajuaje kwamba unasema kweli? Mtu aliyekata fimbo anaweza kutunga hadithi ya sindano."

"Hujui," Babu Vifungo akasema. "Hata mimi ningekuwa wewe nisingejua."

Nafikiri mambo yangeishia pale, kama mzee asingekuwa mkarimu kupita kiasi. Akataka kumtuliza, akaongeza, "Na mkweo alinieleza vizuri hali ya mkono, ndiyo maana nilikuwa nimeshaziandaa nyuma."

Niliona mabega ya mama yanashuka. Akauliza polepole, "Mkwe wangu alikuja hapa lini?"

Mzee aliniangalia mimi. Alishajua amekanyaga pabaya. "Siku moja kabla yako," akasema.

Kumbe ndivyo. Siku zote zile tulizokuwa tunapima, mama alikuwa anashuku njama, na njama ilikuwepo. Ilikuwa imeanzia kwenye meza yake ya kulia chakula. Mkwe alipita dukani akitoka kazini, akamwomba mzee ampe mama sindano za kumfaa bila kumwambia, kwa sababu anamjua mama mkwe wake. Yule yule aliyesema, nenda kwa Babu Vifungo, ana kila aina.

Mama Gramu hakupandisha sauti. Alimwomba mzee kalamu, akasogeza pakiti mbele yake. "Andika ukweli," akasema.

Babu Vifungo akakata ile nne ya kiwandani, akaandika pembeni: Nne na nusu. Kwa mkono unaobana. Mama akasoma.

"Futa hiyo ya pili. Hicho si kipimo, hayo ni maoni yako."

Akafuta. Mama akaichukua pakiti, akatoka, nami nikamfuata. Nilipofika nyumbani mteja wa saa nne alikuwa ameondoka.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mkwe. Alirudi kazini jioni, akamkuta mama amekaa mezani, sweta na sindano vimewekwa mbele yake, hafumi. Mwanawe alikuwa amekaa kwenye kochi anajifanya anaangalia simu.

"Kaa, mwanangu," mama alimwambia. "Nimetoka dukani."

Mkwe alivuta kiti. Akakaa na koti lake la ghalani bado mwilini. Akaanza kueleza kwamba hakutaka kumchezea shere, alitaka tu mkono upone, alijua akimwambia atakataa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo mkwe hakulitarajia.

"Miaka thelathini na moja nimewafuata watu wanaopunguza. Wewe umeniongezea. Sina sheria ya kukushtaki nayo." Akasogeza sindano kando. "Lakini nimekaa wiki mbili nashuku mzee wa watu, nashuku msusi, nashuku viwanda ambavyo sijui viko wapi. Na aliyejua alikuwa ananipakulia chakula. Unajua ninavyojisikia?"

Mkwe akasema anajua. Mama akasema hajui. Kisha akamuuliza, "Kuna kingine?"

"Kingine nini, mama?"

"Kingine unachonifanyia kwa faida yangu bila kuniambia."

Hapo, mkwe alisema, mumewe aliweka simu chini.

Kulikuwa na chumvi. Tangu vipimo vya presha ya mama mwaka juzi, mkwe alikuwa anatia nusu ya chumvi kwenye chakula chote, na kila mama alipouliza mbona mchuzi umepooza, alimwambia ni chumvi ya siku hizi haina nguvu. Mama alikuwa ameshapima pakiti tatu za chumvi kwa sababu ya maneno hayo. Kulikuwa na saa ya ukutani, iliyosogezwa mbele dakika kumi ili mama asichelewe kliniki. Na kulikuwa na kikohozi cha mwanawe cha mwezi uliopita, ambacho hakikuwa vumbi la saruji kama alivyoambiwa. Kilikuwa kichomi, na kilikwisha kwa dawa.

Mama aliinuka akairudisha saa nyuma. Akakaa tena. Alimtazama mwanawe, akamwuliza alimeza dawa siku ngapi, akajibiwa. Kisha akasema hatakula nao jioni ile, akaingia chumbani.

Siku tano nyumba ile ilikuwa ya kimya. Mama alikuja kwangu kila siku, akakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akafuma. Alitumia zile za nne na nusu. Siku ya tatu yeye mwenyewe akasema, "Nilikushuku bure," na mimi nikasema yamekwisha, mama, na tukaendelea, mimi na kichwa cha mtu, yeye na mgongo wa sweta. Nilisikia sindano zinagusana kidogo kidogo. Mkono wake ulikuwa umeanza kulegea. Nilisikia kwenye mlio kabla sijaona.

Mkwe akabadilika naye. Aliogopa sasa kuficha hata kidogo, akawa anatangaza kila kitu. Mama, leo nimetia chumvi kijiko nusu. Mama, maziwa haya ni ya jana. Mama, nimechelewa kwa sababu nilipita kwa rafiki yangu, sikuwa na kazi. Ilimchosha, aliniambia, kumbe kusema kweli siku nzima ni kazi ya sulubu. Mama akawa anapokea taarifa zile kama mtu anayesoma mizani: anaitikia kwa kichwa, anaendelea. Bado alionja mchuzi kwa tahadhari, na bado, mkwe akiingia jikoni, alitega sikio.

Sweta ilikamilika mwezi uliofuata. Waliishonea mikono kwangu, kwa sababu mwanga wangu ni mzuri. Ilikuwa na kasoro za mwanafunzi, kola imepanda upande mmoja, ila ilikuwa nzuri kuliko nilivyotegemea. Mkwe akaivaa juu ya blauzi, akajigeuza mbele ya kioo changu kirefu.

Mama alikuwa amesimama nyuma yake, miwani puani.

"Ikoje?"

"Nzuri sana, mama."

"Unasema kweli?"

Mkwe alimwangalia kupitia kioo. Niliacha kitana hewani. Alinyanyua mkono mmoja, akaushusha, akaunyanyua tena.

"Kwapani inabana," akasema. "Huku kushoto. Nikinyanyua boksi itanivuta."

"Inabana kiasi gani?"

"Kidole kimoja. Kidole na nusu."

Mama Gramu akatoa futi mkobani, akamwambia anyanyue mikono yote miwili, akampima chini ya kwapa, kushoto kisha kulia, akasoma mara mbili. Akaandika. Kisha akamwambia aivue, akakaa kwenye kiti cha dirishani, akatafuta mwisho wa uzi kwenye mshono wa mkono wa kushoto, akauvuta, na vitanzi vikaanza kufumuka kimoja kimoja. Uso wake ulikuwa umetulia. Mkwe akakaa chini kando yake, akaanza kuuzungushia uzi vidoleni kadiri unavyotoka.